Kurudi Kundini Mpakani: Lugha ya Ibada katika Historia ya Wakatoliki wa Busia na Tororo

Utangulizi

Anayepita Busia siku ya Jumapili, upande wa Kenya na upande wa Uganda, anaweza kusikia jina la Mwenyezi Mungu likitajwa kwa lugha nyingi bila kutembea mwendo mrefu. Atasikia Mungu kwa Kiswahili, Katonda kwa Kiganda, Nyasaye kwa Kijaluo, Were kwa Kisamia na kwa lugha ya Wapadhola, na Edeke kwa Kiteso. Wakatoliki wa eneo hili wamesali kwa lugha hizi zote. Hata hivyo, hadi miaka ya 1960 Misa yenyewe iliadhimishwa kwa lugha ambayo hakuna mwenyeji yeyote aliyezaliwa akiizungumza, yaani Kilatini.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali moja: Mkatoliki wa Busia au Tororo aliyeondoka katika Kanisa, kisha akarudi na kuona kwamba ibada ya mapokeo ina maana kwake, alirudi kwenye ibada ipi? Historia ya dini katika sehemu hizi imezoea kueleza habari za wamisionari, maaskofu na mafundisho. Sisi, kama walimu na wanafunzi wa lugha, tuna jambo la kuongeza. Tunaona kwamba katika mpaka huu mapokeo hayakuwa kitu kimoja, bali matabaka ya lugha yaliyowekwa moja juu ya jingine, na kwamba aliyerudi mara nyingi aliikuta ibada aliyoiacha imekwisha kubadili lugha.

Maneno yenyewe

Tuanze na msamiati. Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyatumia kana kwamba yana maana moja, nayo ni "jadi" na "mapokeo". Jadi ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu babu na ukoo. Ibada ya jadi ni ile ya wahenga wetu. Mapokeo yanatokana na kitenzi "pokea", na kwa hiyo yanahusu kitu kilichotolewa na mmoja kikashikwa na mwingine. Katika mafundisho ya Kikatoliki, Mapokeo hutajwa sambamba na Maandiko Matakatifu. Kitu kinaweza kuwa mapokeo bila kuwa jadi: Kilatini hakikuwa jadi ya Msamia, lakini kwa mjukuu wa Mkatoliki wa kwanza kijijini kilikuwa tayari mapokeo.

Neno la pili ni "rudi". Tunasema mtu amerudi nyumbani. Tunasema pia mzazi amemrudi mtoto, kwa maana ya kumwadhibu ili ajirekebishe. Na nguo ikifuliwa ikapungua tunasema imerudi. Mkatoliki anayerudi kundini hupitia maana mbili za kwanza kwa pamoja: hurejea alikotoka, na hurudiwa kwa njia ya kitubio. Kama tutakavyoona, mara nyingine hukuta kwamba kile alichokiacha ndicho kilichorudi kama nguo.

Misheni kabla ya mpaka

Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866 na Herbert Vaughan, waliwasili Kampala mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Roma ilikuwa imeunda Vikarieti ya Upper Nile mwaka 1894, miaka miwili baada ya vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda. Wakati huo Wakatoliki waliitwa chama cha Wafaransa na Waprotestanti chama cha Waingereza, na kuletwa kwa mapadri kutoka Uingereza kulikusudiwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa upande wa Ufaransa. Kutoka Nsambya, Kampala, kazi yao ilienea mashariki hadi Budama, Bukedi na Kavirondo. Kisumu ilifikiwa mwaka 1903 na Mumias mwaka uliofuata.

Tarehe hizi zina maana kubwa kwa mada yetu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, mwaka 1902. Lakini Kanisa halikuufuata mpaka huo mara moja. Ni mwaka 1925 ndipo Roma ilipounda Prefekture ya Kavirondo, makao yake yakiwa Kisumu, na kuitenga na Upper Nile. Kwa miaka zaidi ya 20, basi, Mkatoliki wa Samia upande wa Kenya na ndugu yake wa Samia upande wa Uganda walikuwa chini ya askofu mmoja ilhali serikali zao zilikuwa mbili.

Baada ya hapo njia ziliachana. Kisumu ikawa dayosisi mwaka 1953; kutoka kwake ikazaliwa Kakamega mwaka 1978, na kutoka Kakamega ikazaliwa Bungoma mwaka 1987, ambayo ndiyo inayohudumia Busia ya Kenya. Upande wa pili, Tororo ikawa dayosisi mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1999, chini ya Askofu Mkuu James Odongo, mzaliwa wa Tororo aliyekuwa askofu tangu mwaka 1965.

Lugha nazo ziliachana. Upande wa Uganda, Kiganda kilienea mashariki pamoja na utawala wa Semei Kakungulu na maajenti wa Kiganda mwanzoni mwa karne ya 20, na makatekista wengi walisali na kufundisha kwa lugha hiyo. Gavana William Gowers alipopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga vikali, na viongozi wa makanisa nao wakapinga. Upande wa Kenya, Kiswahili kiliingia shuleni, sokoni na hatimaye altareni. Ndiyo maana hadi leo Wasamia wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na babu wawili waliojifunza sala zao za utotoni kwa lugha mbili tofauti za wageni.

Were kabla ya Misa

Chini ya tabaka la Kilatini na lile la Kiganda kulikuwa na tabaka la zamani zaidi. Mwanahistoria Bethwell Ogot, katika kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini kilichotolewa mwaka 1967, na katika maandishi yake mengine juu ya Wapadhola, ameeleza jinsi watu hao wa Tororo walivyomwabudu Were. Walimtambua Were wa uani, aliyelinda boma na familia, na Were wa porini, aliyemlinda mtu awapo safarini, mawindoni au vitani. Baba wa boma alikuwa na mahali pa kumwomba Were mbele ya nyumba yake. Haikuhitajika lugha ya kigeni wala mtu aliyesomea.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilijitokeza pia ibada ya Bura, iliyokuwa na makao yake Tewo, na kuhani wake mashuhuri alikuwa Majanga. Kwa maelezo ya Ogot, Bura iliziunganisha koo ambazo hapo awali kila moja ilijitegemea. Wakati wamisionari walipofika, kwa hiyo, Wapadhola hawakuwa watu wasiojua ibada ya pamoja yenye makuhani, mahali patakatifu na utaratibu. Tunaona hii ni sababu mojawapo iliyofanya Misa, pamoja na ugeni wa lugha yake, isiwe ngeni kabisa kwa umbo.

Jina Were lilibaki midomoni mwa Wakristo wa Kipadhola. Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya dini ya Waluo wa kati, aliwalaumu wamisionari kwa kuchukua jina Rubanga na kulifanya jina la Mungu, ilhali kwa Waacholi hilo lilikuwa jina la pepo aliyehusishwa na ugonjwa wa kupinda mgongo. Tukilinganisha mifano hii miwili tunaona kwamba uteuzi wa neno moja unaweza kumfanya mwamini ajione amepelekwa ugenini, au ajione yuko nyumbani.

Legio Maria: walioondoka na Kilatini chao

Mfano wetu mkuu ni Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki katika Nyanza Kusini, Kenya, mwaka 1962 na 1963. Waanzilishi wake ni Simeo Ondetto, ambaye wafuasi wake wanamwamini kuwa ni Masiya, na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyewavuta maelfu kwa mahubiri, uponyaji na kupambana na uchawi. Jina lilitokana na chama cha walei cha Kikatoliki kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na Frank Duff. Aliyekieneza chama hicho katika Afrika Mashariki ni Edel Quinn wa Ireland, aliyefika mwaka 1936 na kufariki Nairobi mwaka 1944. Legio Maria iliandikishwa rasmi Kenya mwaka 1966, na baadaye ikavuka mipaka hadi Uganda na Tanzania. Kwa kuwa lugha ya Wapadhola inakaribiana sana na Kijaluo, mhubiri kutoka Nyanza hakuhitaji mkalimani wa kudumu alipofika Tororo.

Waliondoka kwa nini? Sababu zinazotajwa na watafiti ni za maisha ya kila siku. Mafundisho ya ubatizo yalichukua muda mrefu na yalikuwa na mitihani. Aoko alibatiza bila ada na bila kungoja miaka. Mwanamume mwenye wake wengi, pamoja na wake hao, walizuiwa kupokea sakramenti. Mgonjwa aliyeamini kwamba amerogwa aliambiwa na padri kwamba uchawi ni ushirikina, kisha akaachwa na hofu yake.

Ajabu ni kwamba hawakuondoka kwa kuchukia Kilatini. Walikwenda nacho. Legio Maria ilihifadhi Misa yenye sehemu za Kilatini, rozari, uvumba, kanzu za altareni na ngazi za uongozi zenye papa, makardinali, maaskofu na mapadri. Pembeni ya hayo iliweka Kijaluo na Kiswahili, maono, uponyaji na kufukuza pepo. Mtu aliyezuiwa kushiriki Misa ya parokia yake aliweza sasa kuisikia kwa maneno yale yale, akiwa ndani na si mlangoni.

Mtaguso na sadfa ya historia

Sasa tazama tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, mwaka ule ule ambao Legio Maria ilikuwa ikienea Nyanza kwa kasi. Kuanzia mwaka 1965 lugha za wenyeji zilianza kuingia katika Misa, na mwaka 1969 Papa Paulo wa 6 alitangaza Misale mpya. Mwaka huo huo alizuru Kampala na kuwaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika.

Matokeo yake ni kwamba katika kipindi kisichozidi miaka saba pande hizo mbili zilibadilishana nafasi. Kanisa lililosemekana kuwa la kigeni lilianza kusali kwa lugha za wenyeji, na kanisa lililojitenga likiongozwa na Waafrika likabaki na lugha ya Roma. Mkatoliki aliyekwenda Legio Maria mwaka 1963 na kurudi parokiani mwaka 1973 alikuta padri amegeuka kuwaelekea waamini na kwaya ikiimba kwa ngoma, kwa lugha ya nyumbani.

Ni rahisi kudhani kwamba kila aliyerudi alifurahi kukuta lugha yake altareni. Historia inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Kwa wengi, lugha ya mama ilifungua maana iliyokuwa imefichika. Lakini kwa mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba maneno matakatifu hayafanani na maneno ya sokoni, mabadiliko yalikuwa na hasara yake. Hakuwa akielewa kila neno la Kilatini, ila alilijua: alijua lini apige magoti, lini kengele italia, lini anyamaze. Walimu wa lugha tunafahamu kwamba kuelewa maneno si njia pekee ya lugha kuwa na maana.

Jambo hili halikuwa la Busia na Tororo peke yake. Huko Ulaya, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, aliyewahi kuwa askofu Dakar, alianzisha jumuiya yake mwaka 1970 akipinga mageuzi. Papa Benedikto wa 16 aliruhusu matumizi mapana ya Misa ya zamani mwaka 2007, na Papa Fransisko akaweka masharti makali mwaka 2021. Tofauti ni kwamba wenzao wa Ulaya walitetea Kilatini kwa kuwa kilikuwa kimeondolewa. Legio Maria ilikichukua kabla hakijaondolewa, kama mtu anayehama na chungu cha nyumbani bila kujua kwamba waliobaki watakivunja chao.

Waliorudi kwa amri na waliorudi kwa toba

Si kila kurudi kulitokana na dhamiri. Septemba 1977, miezi saba baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum, serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu zaidi ya 20 nchini Uganda. Ukiacha Uislamu, zilizoruhusiwa ni Kanisa Katoliki, Kanisa la Uganda na Waorthodoksi. Mfuasi wa dhehebu lililokatazwa alikuwa na njia tatu: kusali kwa siri, kuvuka kwenda Kenya, au kuketi katika viti vya kanisa lililoruhusiwa. Kwa wakaaji wa mpakani njia ya pili ilikuwa karibu, nayo ilikuwa na hatari yake. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, waliorudi kwa amri waliweza kuondoka tena. Aliyebaki alibaki kwa hiari yake.

Kurudi kwa toba nako kulikuwa na gharama. Aliyebatizwa hapo awali katika Kanisa Katoliki habatizwi tena, kwa kuwa ubatizo hutolewa mara moja tu. Alipaswa kuungama na kuiweka ndoa yake katika utaratibu wa Kanisa. Kwa mume wa mke mmoja, jambo hilo lilimaanisha kubariki ndoa, pengine baada ya miaka mingi ya kuishi pamoja na kupata wajukuu. Kwa mwenye wake wawili au watatu, lilimaanisha kubaki na mmoja. Hapo furaha ya boma moja ilikuwa huzuni ya boma jingine, maana mke aliyeachwa naye alikuwa na watoto, shamba na heshima yake. Ndiyo sababu wazee wengi hungoja hadi uzeeni au ugonjwani ndipo wapokee sakramenti. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakusema kwamba marejeo ni bure.

Maana kwa walimu wa Kiswahili

Tukirudi kwenye swali letu, tunaweza kujibu kwamba aliyerudi hakurudi kwenye ibada moja. Mmoja alirudi kwenye Kiganda cha katekista aliyemfundisha baba yake, mwingine kwenye Kilatini kilichokuwa kimekwisha kuhamia kwa Legio Maria. Mwingine alimkuta Were wa uani akiitwa kwa jina lake mbele ya altare, na kwake ibada ya jadi na ile ya mapokeo zikakutana. Maana aliyoipata ilitegemea kama maneno aliyoyasikia yalilingana na yale aliyoyabeba moyoni.

Kiswahili nacho kina nafasi yake katika historia hii. Katika Uganda kilibebeshwa sifa ya lugha ya jeshi, na tangazo la Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisaidia kupendwa. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Mwalimu atakayekifundisha Tororo atafundisha watoto ambao bibi zao walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Msamiati wa ibada unaweza kumsaidia kuonyesha uso mwingine wa lugha hii: "padri" na "Kwaresima" kutoka kwa Wareno, "kanisa" na "sala" kutoka Kiarabu, "altare" na "misa" kutoka Kilatini, na "kipaimara", neno lililoundwa kwa Kiswahili chenyewe kutokana na "kipa" na "imara", yaani kile kinachompa mtu uimara.

Tungependa kuwahimiza wanafunzi wanaotoka pande za Samia, Teso, Budama na Bukhayo wakusanye maneno ya sala kutoka kwa wazee wao wakati wa likizo. Wawaulize walijifunza sala ya kwanza kwa lugha gani, kutoka kwa nani, na leo husali kwa lugha gani wanapokuwa peke yao. Majibu ya maswali hayo matatu hayapatikani katika nyaraka za maaskofu wala za serikali, na wazee wanaokumbuka Misa ya Kilatini katika parokia zao wanazidi kupungua.